Kushuka Cozumel na watoto: fuata saa ya meli

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko Cozumel, kisiwa cha Meksiko kilicho mkabala na Playa del Carmen. Meli ya kitalii inafunga gatini asubuhi, jioni inaondoka. Kuna baba, mama, watoto wawili, na bibi yao. Tuanzie wapi, kaka Kassimu?

KASSIMU: Tuanzie jioni, dada. Ratiba inayoletwa chumbani, au ile ya kwenye programu ya meli, ina saa mbili: ya meli kuondoka, na ya abiria wote kuwa ndani. Hii ya pili hutangulia kwa nusu saa, meli nyingine kwa saa nzima. Siku yako ipange kwa hiyo.

ZUHURA: Na hapo ndipo simu inapoponza watu.

KASSIMU: Inawaponza hasa! Jimbo la Quintana Roo, ambalo Cozumel imo ndani yake, tangu 2015 linatumia saa ileile mwaka mzima. Miami hubadilisha. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, Miami iko mbele ya kisiwa kwa saa moja. Tuseme meli imetoka Miami na haikugeuza saa zake, na abiria wanatakiwa ndani saa kumi na nusu. Muda huo ukifika, simu iliyoshika mtandao wa kisiwani inakuonyesha saa tisa na nusu. Wewe unaagiza chipsi za watoto, kumbe meli iko mbioni kuondoka.

ZUHURA: Na wanaopandia Galveston, kule Texas? Walioko Houston hupandia huko.

KASSIMU: Kwao majira ya joto saa zinalingana. Majira ya baridi kisiwa ndicho kinachotangulia kwa saa moja, kwa hiyo ukikosea, utakosea kwa kuwahi. Hiyo haiumizi. Ila meli nyingine hugeuza saa zifuate kisiwa, usikisie. Kabla ya kushuka linganisha simu na saa ya mapokezi, kisha uzime ile sehemu ya simu kujipangia saa yenyewe. Au vaa saa ya mkononi ya bei rahisi. Kwa kazi hii inaishinda simu yoyote.

ZUHURA: Kwani meli haisubiri?

KASSIMU: Husubiri safari iliyouzwa na meli yenyewe ikichelewa. Uliyejipangia mwenyewe, utaikuta baharini. Kwa kawaida maofisa hufungua kasha la usalama la chumbani kwenu, wakikuta pasipoti zenu wanamwachia wakala wa bandari, halafu nauli ya kuifuata meli ni juu yenu. Namba ya wakala huwa iko kwenye ratiba. Ipige picha.

ZUHURA: Haya, tushuke. Kila mtu na kadi yake ya meli, watu wazima na kitambulisho chenye picha. Matunda na nyama mviache ndani, Meksiko hairuhusu kuvishusha, na huenda mkakuta mbwa wa kunusa. Biskuti ambazo pakiti haijafunguliwa hazina shida.

KASSIMU: Halafu jua meli imefunga gati gani, maana yapo matatu. Punta Langosta liko mjini San Miguel kabisa, unavuka barabara umeshafika madukani. Mengine mawili, Puerta Maya na lile la Kimataifa, yako kusini, kilomita kama tano kutoka mjini. Puerta Maya liliharibiwa na kimbunga Wilma mwaka 2005, likafunguliwa tena 2008. Kutoka melini hadi langoni ni mwendo mrefu juu ya zege lisilo na kivuli. Mtoto wa miaka mitatu atataka kubebwa kabla siku haijaanza, kwa hiyo chukueni kigari chepesi cha kukunja.

ZUHURA: Langoni kuna ubao wa nauli za teksi.

KASSIMU: Usome kabla hujaongea na mtu. Nauli inakwenda kwa eneo, kwa gari la watu hadi wanne. Hapa mko watano, kwa hiyo ni gari kubwa na bei nyingine. Muulize dereva: hii ni ya gari zima au ya kila kichwa? Ni dola au peso? Alama ya dola kwenye bei za Meksiko ni ya peso pia, ndiyo maana watu wanashtuka wakiona soda imeandikwa 45. Kiti cha mtoto usikitegemee kukikuta kwenye teksi, beba chako.

ZUHURA: Sasa waende wapi? Kila mtu anataka Tulum, kwa sababu ya magofu ya Wamaya.

KASSIMU: Na watoto wadogo, hapana. Feri ya kwenda Playa del Carmen ni kama dakika 45, ongeza foleni, ongeza saa nzima ya barabara, halafu urudi njia hiyohiyo. Miezi ya baridi upepo wa kaskazini ukivuma, mkuu wa bandari anaweza kusimamisha feri. Ukikwama upande wa bara, umekwama kweli.

ZUHURA: Mimi ningesema sehemu moja tu kwa siku, tena upande wa magharibi.

KASSIMU: Naam. Upande wa mashariki unapendeza kwa picha, lakini mawimbi yanapiga moja kwa moja, mkondo ni mkali, na teksi za kurudia ni za kubahatisha. Magharibi maji yametulia. Wadogo wapeleke klabu za ufukweni zenye mchanga, kusini ya mji. Nyingine zinatoza kiingilio pamoja na chakula na vinywaji, nyingine zinakutaka ule kwa kiasi fulani. Wakubwa wanaojua kuogelea wapeleke bustani ya Chankanaab wakaone samaki. Kwa kawaida Jumapili hufungwa, kwa hiyo angalia meli inafika siku gani.

ZUHURA: Pale mwambao ni mwamba unaokata. Viatu vya maji kwa kila mguu, hata wa bibi.

KASSIMU: Na krimu ya jua haitakiwi majini, kwa sababu ya matumbawe. Eneo lile ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu 1996. Badala yake vaeni fulana za kuogelea za mikono mirefu, maana mgongo wa anayetazama chini ndio unaoungua kwanza.

ZUHURA: Miwani ya kuzamia ya kukodi?

KASSIMU: Ijaribu hapohapo dukani. Iweke usoni mwa mtoto bila mkanda, nywele zote zitolewe pembeni, mwambie avute pumzi kwa pua. Ikishika yenyewe bila kuanguka, imemtosha. Ikianguka, maji yataingia, naye hatataka tena. Wengi hukaza mkanda wakidhani ndiyo dawa, kumbe ukikaza sana mpira unajikunja na maji yanaingia zaidi. Mara nyingi tatizo ni unywele mmoja uliobanwa. Ukungu unaondoka kwa tone la shampuu ya mtoto ndani ya kioo, suuza kidogo. Jaketi okozi livaliwe nchi kavu, mkanda wa katikati ya miguu ufungwe, la sivyo linampanda hadi masikioni.

ZUHURA: Kulipa je?

KASSIMU: Mashine ya kadi ikikuuliza dola au peso, chagua peso. Ukichagua dola, umewakubali wakubadilishie kwa kiwango chao.

ZUHURA: Na kuondoka ufukweni?

KASSIMU: Saa mbili kabla ya ile saa ya mwisho. Nusu saa inaliwa na kuoga ili kutoa mchanga na kutafuta kiatu kimoja, nusu saa teksi na barabara, nusu saa kutembea gatini na ukaguzi, kwa sababu meli zikiwa tatu, abiria wote hurudi kwa pamoja. Inayobaki ni ya mtoto anayetaka choo mkiwa tayari garini.

ZUHURA: Taulo za meli?

KASSIMU: Zihesabu kabla ya kupanda teksi. Zimeandikwa kwenye kadi yako, ikipotea unalipa. Na chupa ya tekila uliyonunua itachukuliwa kwenye ukaguzi, utarudishiwa mwisho wa safari. Tunza risiti yake.