Bibi Si Mwani

ZUHURA: Kabla hatujafika popote, Baraka, nyanyua hivyo vidole.

BARAKA: Wasikilizaji hawavioni, Zuhu.

ZUHURA: Ndiyo maana nawaambia mimi. Vitatu vyeusi, kama bi harusi aliyekimbia piko halijakwisha.

BARAKA: Nitrati ya fedha, dawa ya kuchapia picha. Jumamosi sikuvaa glavu. Si ile picha ya bibi ya studio? Nimeichapa kwa negativu moja, njia mbili: sayanotaipu, inayotoa picha ya bluu, na Van Dyke, ya kahawia. Zote unapaka dawa yenye chuma kwenye karatasi, unalaza negativu, unabana na kioo, unatoa juani. Ya bluu unaosha kwa maji tu. Van Dyke ina fedha ndani, usipoipitisha kwenye haipo, dawa inayoondoa fedha iliyobaki, itazidi kuwa nyeusi.

ZUHURA: Na chai?

BARAKA: Chai tutaifikia.

ZUHURA: Mama yako kanipigia simu. Tuifikie sasa.

BARAKA: (anacheka) Haya. Ile bluu ukiitia kwenye maji ya magadi inakimbia, inabaki njano hafifu. Ukiihamishia kwenye chai ya rangi iliyokolea, tanini, ile yenye ukakasi kwenye chai, inashika kile chuma, picha inarudi kahawia karibu na nyeusi. Basi nimechemsha sufuria nzima, nimeiweka mezani ipoe. Mjomba kaingia, kajimiminia kikombe.

ZUHURA: Picha imo?

BARAKA: Wallahi bado! Kapiga funda moja, kanitazama: "Baraka, sukari imekwisha humu ndani?"

ZUHURA: Magadi, majani ya chai… mwenzetu hachapi picha, anapika kisamvu.

BARAKA: Na kikombe cha pili kachukua.

ZUHURA: Bila sukari?

BARAKA: Katia mwenyewe! Sasa ikabidi nichemshe nyingine.

ZUHURA: Mie nimeziona zote. Ile bluu, bibi kama kaopolewa baharini. Ya Van Dyke ndiyo bibi.

BARAKA: Ya Van Dyke ni uzee wa kubandika! Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Tazama kanga yake: kwenye bluu unasoma jina lote. Kwenye kahawia maneno yamefifia.

ZUHURA: Kwa sababu negativu umeitengeneza kwa ajili ya bluu. Van Dyke inataka negativu kali zaidi, giza na mwanga viachane. Umeshindanisha wawili, mmoja umemfunga miguu.

BARAKA: Negativu moja ndiyo mashindano yenyewe! Nikibadilisha negativu, nalinganisha nini?

ZUHURA: Unalinganisha kila moja ikiwa katika uzuri wake.

BARAKA: Hapana. Mwanasayansi Herschel kaibuni hii bluu 1842, mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea, kaanza kuchapia mwani, hakuomba…

ZUHURA: Mwani, sawa! Mwani na bluu ni ndugu. Bibi si mwani.

BARAKA: Sikubali.

ZUHURA: Nani kakuomba ukubali?

(kimya)

BARAKA: Tuliahidi kufundisha kuchagua karatasi, kupaka kwa brashi na kupima muda wa jua.

ZUHURA: Rekoda inawaka nyekundu, inakaribia kuzima.

BARAKA: Karatasi basi, upesi. Iwe nzito, ya rangi za maji, kwa sababu…

ZUHURA: Mjomba anagonga.

BARAKA: Mwambie hakuna chai!

ZUHURA: Kaja na sukari yake. Jamani, angalau vaeni gla—