Chombo Kisichokuwepo na Vipimo Vyake

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa wazazi, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, nimeombwa nizungumzie kazi iliyopo juu ya meza hii. Ni modeli ya chombo cha anga za juu ambayo mwanafunzi wetu mmoja, binti wa miaka 16, anaijenga kwa ajili ya mashindano ya watengeneza modeli, kitengo cha vijana. Chombo chenyewe hakipo popote. Amekibuni yeye, akakifanya kiwe cha kupokea maji yaliyopandishwa kutoka Mirihi na kuyafikisha kwenye kituo kilichojengwa Phobos, ule mwezi mdogo wa Mirihi wenye upana wa kilomita 22 hivi. Nimewasikia watu wakisema kwamba kazi hii ni nyepesi kuliko modeli ya jahazi au ya ndege, kwa kuwa kisichokuwepo hakina wa kukikosoa. Mimi naona ni ngumu zaidi, na ndiyo hoja yangu ya leo: chombo cha kubuni kinadai vipimo kuliko chombo kilichopo, kwa sababu jaji hana picha ya kulinganishia, na kwa hiyo atakachokitazama ni kama sehemu za chombo zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya aina ya kazi. Wapenda modeli wengi duniani hununua seti dukani, yenye vipande vilivyokwisha kutengenezwa kiwandani, kisha huviunga na kuvipaka rangi. Jumuiya yao kongwe inayojulikana kwa herufi IPMS ilianzia Uingereza mwaka 1963, na katika mashindano ya aina hiyo jambo la mwanzo linaloangaliwa ni uungaji: nyufa zimezibwa, pande mbili zimelingana, gundi haikufurika. Njia ya pili ni kuchanganya vipande vya seti mbalimbali. Ndivyo walivyofanya mafundi wa Industrial Light & Magic, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1975, walipokuwa wakitengeneza vyombo vya filamu ya Star Wars; walifungua seti za vifaru na manowari, wakachukua vipande vidogo vidogo wakavibandika juu ya vyombo vyao. Njia ya tatu, aliyoichagua binti huyu, ni kukata na kuunda kila kipande mwenyewe tangu mwanzo. Sitaki kusema kuwa hii ya tatu ndiyo bora. Nadhani aliichagua kwa sababu seti haziuzwi hapa Pemba, na kuziagiza kutoka nje ni gharama.

Sasa nije kwenye skeli, ambako ndiko nitakakokaa kwa muda. Skeli aliyoichagua ni 1/144, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 144. Chombo chake, kama kingekuwepo, kingekuwa na urefu wa mita 60, kwa hiyo modeli ina sentimita 41 na nukta saba. Hesabu hiyo kila mwanafunzi wa skuli ataipiga. Ugumu unaanza baada ya hapo, pale skeli inapotakiwa kutawala kila kitu, mpaka vitu ambavyo mtu hafikirii kuwa vina ukubwa. Wazee wetu walipima mbao kwa shibiri, dhiraa na pima, na pima ni upana wa mikono ya mtu aliyeinyoosha, yaani urefu wa mtu mwenyewe kwa makadirio. Katika skeli hii, pima nzima inakuwa milimita 12 na nusu hivi. Mlango ambao mtu atapita bila kuinama unakuwa na kimo cha milimita 14. Kishikio ambacho mwanaanga atakikamata akiwa nje, chenye unene wa sentimita nne, kinakuwa chini kidogo ya milimita 0.3, na hapo hakuna mti wala plastiki utakayoweza kuichonga. Alichotumia ni nyuzi za shaba alizozitoa ndani ya waya wa chaja iliyokufa, akazisokota mbili mbili na kuzinyoosha juu ya kioo.

Tazameni na ile mistari ya maungio kwenye ubavu. Mara ya mwanzo aliichora kwa ncha ya kisu, ikatoka na upana wa nusu milimita, na kila aliyeiona aliisifu. Zidisheni kwa 144. Nusu milimita inakuwa sentimita saba na zaidi, na ufa wa sentimita saba kwenye chombo kinachobeba hewa ya watu kuvuta ni msiba. Aliijaza yote kwa puti, akapiga msasa, akaichora upya kwa sindano. Hali kadhalika, kipande cha plastiki cha milimita moja kinasimama badala ya bamba la sentimita 14, ambalo ni zito kupita kiasi, wakati karatasi ya kawaida ya kuandikia, yenye unene wa takriban milimita 0.1, inatoa bamba la sentimita moja na nusu. Ndiyo maana viraka vile vya juu mnavyovidhania kuwa ni plastiki ni karatasi iliyonyweshwa gundi.

Chombo kimoja kikubwa cha Star Wars ya mwaka 1977 kilikuwa na modeli ya takriban sentimita 91 tu, na kwenye skrini kikaonekana kina urefu wa zaidi ya kilomita moja. Jicho la mtazamaji lilisadiki kwa sababu vitu vilivyobandikwa juu yake vilikuwa vidogo mno. Kipande kimoja kilichozidi ukubwa kinatosha kukirudisha chombo kizima kuwa mchezo wa mtoto.

Baadhi yenu mtaniambia kwamba mafundi wetu wa majahazi, wa Nungwi na wa huku kwetu, huunda chombo kizima bila ya mchoro, wakaweka mkuku, ule mti mrefu wa chini, wakasimamisha mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa jicho tu, na chombo kikaenda baharini. Ni kweli. Lakini fundi yule mchoro anao. Ameurithi kwa kukaa miaka chini ya fundi mwengine, na majahazi yaliyotangulia ndiyo skeli yake. Binti huyu hana chombo kilichotangulia. Kwa hiyo nilimtaka achore pande tatu, juu, ubavuni na mbele, kwa ukubwa uleule wa modeli, kabla ya kushika kisu. Alinung'unika, kama vijana wanavyonung'unika, kisha akachora.

Kwenye mchoro huo ndipo maswali yalipotokea. Bomba hili linachukua nini? Linatoka wapi na linaishia wapi? Kijana anayebuni chombo hupenda kujaza vitu juu yake ili kionekane na kazi nyingi, na mwisho kinakuwa kama dirisha la duka la vipuri. Dawa yake ni kuuliza kazi ya kila kitu. Angani hakuna hewa ya kuchukua joto, kwa hiyo joto la injini na la mitambo haliwezi kuondoka ila kwa kung'aa kutoka kwenye uso wa kitu. Kituo cha kimataifa cha anga kina rejeta kubwa za mabamba meupe ambamo amonia huzungushwa kwa kazi hiyo. Naye akaweka rejeta, mabamba manne membamba, na akayageuza yasitazamane, kwa kuwa yakitazamana yatapashana joto. Mwangaza wa jua unaofika Mirihi ni takriban asilimia 43 ya ule unaotufikia sisi, basi paneli zake za sola zikapanuliwa zaidi ya mara mbili ya alivyozichora mwanzo. Mabawa aliyafuta, kwani chombo hakitui popote penye hewa.

Na kutu. Sisi watu wa visiwani tumezoea kuona chuma kikiliwa na chumvi, na mkono wa mtoto wa Pemba ukishika rangi ya kuchakaza kitu huenda wenyewe kwenye wekundu wa kutu. Lakini kutu inataka maji na oksijeni, na huko nje havipo. Alichobaki nacho katika mpango wake wa rangi ni weusi wa moshi karibu na injini, rangi iliyopauka kwa jua, na vumbi jekundu la Mirihi penye milango ya kupokelea mizigo tu.

Kuhusu malighafi, nitasema machache. Plastiki inayofaa ni polistirini, ambayo tunaipata kwenye baadhi ya vikopo vya mtindi na vifuniko. Chini yake huwa na pembetatu yenye namba 6. Namba ikiwa imefutika, kata kipande ukitumbukize kwenye ndoo ya maji: polistirini ngumu huzama, lakini polipropilini, ambayo haikubali gundi hata ukiibembeleza, huelea. Polistirini huungwa kwa asetoni, ileile ya kufutia rangi ya kucha, ambayo huyeyusha kingo mbili zikashikana zikawa kitu kimoja. Itieni kwa brashi ndogo, tone tu. Asetoni inashika moto upesi na mvuke wake unaumiza kichwa, kwa hivyo ni kazi ya barazani penye upepo, mbali na jiko, na mtu mzima awepo karibu. Tangi za maji mnazoziona ni bomba la plastiki la mafundi bomba, lililozibwa kwa vifuniko vya chupa na kusawazishwa kwa puti.

Rangi bado, na ninawaomba wazazi wasimharakishe. Rangi ya kopo la kupuliza ikipigwa katika hewa nzito ya masika hubadilika ikawa na ukungu mweupe, kwa sababu kiyeyushi kinapokauka hupoza uso, na unyevu wa hewani ukatua juu ya rangi mbichi. Wapiga rangi wa magari hapa mjini wanalijua jambo hili vyema. Angoje siku kavu, apulize mchana jua likiwa limepanda, tabaka jembamba baada ya jembamba, akianza na praima, yaani rangi ya msingi, ya kijivu ambayo haifichi mkwaruzo wowote.

Limebaki jambo la mikono ya watu wazima. Baba yake ni fundi seremala, na nimemwona mara kadhaa akitaka kuunyosha ubavu ule wa kushoto ambao kweli umepinda kidogo. Namwomba mzee wangu, kwa heshima zote, auache. Katika kitengo cha vijana kazi inatakiwa iwe ya kijana, na jaji mzoefu huutambua mkono wa seremala wa miaka 30 kwenye kona moja tu.

Kabla ya praima kupigwa, modeli ipigwe picha pande zote, plastiki nyeupe, karatasi, shaba na puti vikionekana kila kimoja na rangi yake, maana rangi ikishapita juu jaji hatakuwa na njia ya kujua kipi kilichongwa na kipi kilinunuliwa. Picha hizo ziwekwe pamoja na ule mchoro wa pande tatu. Paneli za sola na rejeta zisigandishwe; ziwekewe vijiti vya shaba vinavyochomoka, kila kimoja na tundu lake, zisafiri zimelazwa peke yake ndani ya sanduku, kwa sababu boti ya kwenda Unguja wakati wa kusi haimwonei huruma mtu aliyekaa, seuze bamba la nusu milimita.