Fighi za Taita na Maji Yake

Ndugu zangu, nimelisema hili kila ninapopewa jukwaa na leo nalirudia: fighi, yaani msitu mtakatifu wa Wataita, hufa kwa pembeni, miti mikubwa ikiwa bado imesimama.

Tazameni inavyofanya kazi. Upepo wa kusi, huu huu unaotupiga Likoni, hubeba mvuke wa bahari hadi milima ya Taita. Ukipanda kuelekea kilele cha Vuria, mita 2,208, hupoa ukawa ukungu. Majani, matawi na utando wa kijani kwenye magome huunasa, matone yakadondokea mboji, na mboji ikayaachia maji polepole hadi kwenye chemchemi. Wazee walikataza panga ndani ya fighi, na aliyekaidi alitoa mnyama wa kafara. Kwa katazo hilo, mboji nayo ilipona.

Sasa mwenye shamba jirani anaongeza tuta moja kuingia fighini kila msimu. Jua na upepo vinapenya, mboji inakauka, miche ya asili inakufa ingali midogo. Ukipita barabarani utasema msitu upo! Upo, lakini hauna watoto.

Mtaniambia, "Si tupande mikaratusi?" Mkaratusi hukua haraka na hunywa maji kwa kasi hiyo hiyo. Kwenye chanzo cha maji sitaki hata kuusikia.

Na najua yupo anayenong'ona kwamba huu ni ushirikina. Hakuna anayekuomba uuabudu mti. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, eneo takatifu lililohifadhiwa: miti yake isikatwe, wanyama wake wasiwindwe. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, nao wamekiwekea kisima harimu yake, eneo la kukizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba akayavuta maji yale. Mzee wa Kitaita na fakihi wa Madina, hapo wamekubaliana.

Kaya za Mijikenda, misitu yao mitakatifu, mnazijua, UNESCO iliziorodhesha mwaka 2008, sitazirudia.

Ila wenye mashamba Taita mliomo humu, nisikilizeni. Fighi isiyoonekana kwenye ramani ya ardhi itagawanywa pamoja na viwanja. Siku ya kupima, mzee anayeijua mipaka atangulie, mpima ardhi afuate. Bikoni, alama ya mpaka, isikae kwenye shina la mti wa mwisho. Ikae nje ya kivuli chake, na ukanda ulio kati usilimwe wala usichungiwe mbuzi, miche ipate pa kuotea.