Mashine ya Moshi ya Jikoni: Kabla Hujaniambia Nikutumie

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Karibuni tena jikoni kwa dada yenu. Leo sipiki. Leo nataka tuliongelee hili dude hapa pembeni yangu, hili jeusi lililokula nusu ya meza.

Kwenye video iliyopita lilitokea nyuma yangu kidogo tu, wala sikulitaja. Kumbe watu mna macho! Meseji zikaanza: dada hilo nini, dada linafaa, dada uliyeko ughaibuni nitumie moja. Sasa badala ya kumjibu kila mtu sauti za WhatsApp, nimeamua nikae nalo hapa mbele yenu, nilifungue, niseme ninachokiona.

Hii ni mashine ya kufukiza chakula kwa moshi, lakini ya ndani ya nyumba. Unachomeka kwenye soketi, unaweka nyama au samaki, inapika kwa moshi wa mbao halisi, na jikoni humu huoni moshi. Mashine za kufukizia za uani zipo miaka mingi. Hizi za kuweka mezani zilianza kupigiwa kelele sana Januari 2024, GE Profile, watengenezaji wa vifaa vya nyumbani, walipoitambulisha ya kwao kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES kule Las Vegas, Marekani. Sijalipwa na mtu kusema haya, tusije tukaelewana vibaya.

Njooni karibu na kamera. Hapa juu kuna kikasha kidogo, ndani mnaziona hizi peleti. Ni vumbi la mbao lililoshindiliwa mpaka likawa vipande vigumu, unene wake milimita 6 hivi. Hizi ni za mti wa tufaha. Mashine inazichukua kidogo kidogo, inazipeleka kwenye hita yake ndogo, zinaanza kufuka. Zinafuka tu, haziwaki ndimi. Sasa angalieni, kuna hita nyingine kabisa, hii ya kupasha chumba cha chakula. Kuna hita mbili humu na kila moja ina kazi yake. Ndiyo maana naweza kusema nataka moshi mwingi na joto dogo, au joto kubwa na moshi wa kunusa tu. Kwenye moto wa kuni jambo hilo linataka mtu mzoefu, akae hapo hapo, asogeze kuni, afunike, afunue. Hapa unabonyeza kitufe, unakwenda kulala. Hilo siwezi kulinyima sifa.

Peleti zikishatoa moshi wake zinasukumwa zinaanguka kwenye hii droo ya chini yenye maji, zizime. Ngoja niivute. Mnaona? Haya maji yalikuwa meupe jana usiku. Sasa ni meusi tii, peleti zimevimba zimekuwa uji, na harufu yake ni jivu bichi linalokaa puani mpaka jioni. Hii droo kwenye matangazo hamtaionyeshwa. Matangazo ni mwanamke anatabasamu, anafungua mlango, anatoa nyama. Hamwoni anayemwaga droo.

Na trei ya mafuta nayo ioshwe kila mara. Ukiiacha, siku nyingine unapofukiza samaki wako, mafuta ya jana yanapata moto upya na unayasikia mdomoni.

Sasa siri yenyewe iko huku nyuma, kwenye kichujio. Moshi ukishapita kwenye chakula hautoki hivi hivi. Unapitishwa kwenye kichocheo kilichopashwa moto sana, na pale kile ambacho hakikuungua kinamaliziwa kuungua. Kinachotoka kwenye matundu haya ni hewa ya vuguvugu, mvuke na kaboni dioksaidi. Ni ukoo mmoja na kile kifaa cha kwenye ekzosi ya gari. Harufu kidogo utaisikia, msidanganywe. Asubuhi mapazia yangu yanajua kilichopikwa. Lakini king'ora cha moshi cha darini kinanyamaza.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Moshi ni kitu rahisi kuliko vyote duniani, ukiwa na mbao na moto unao. Mashine hii haikuuzii moshi. Inakuuzia namna ya kuuondoa moshi. Pesa yote imekaa kwenye hicho kichujio na huo umeme wake. Sasa jiulize, wewe unayenitazama, moshi una shida gani kwako? Kama una uwanja, una upepo, una mahali pa kuwasha moto bila kugombana na mtu, kazi ya kichujio upepo unakufanyia bure.

Sisi wa ghorofani ni habari nyingine. Mkataba wa nyumba unakataza mkaa kwenye kibaraza. Jirani wa juu akisikia harufu tu anampigia mwenye nyumba. Dari lina king'ora ambacho hata mkate ukiungua kinalia. Kwa mtu wa hivyo, anayependa chakula cha moshi na hana pa kukitengeneza, hapo mashine ina sababu ya kuwepo.

Ladha je? Maana hilo ndilo swali lenyewe.

Ladha ya moshi haitoki kwenye moto, inatoka kwenye mbao. Ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini, ndicho kinachoufanya mti uwe mgumu. Kikifuka taratibu kinazaa kemikali mbili, guaiakoli na siringoli. Ya kwanza ndiyo unayoionja ulimini, ya pili ndiyo inayokufikia puani kabla hujakaa mezani. Kwa kuwa humu ndani zinafuka mbao za kweli, vyote viwili unavipata. Kwa hiyo wanaosema moshi wa mashine ni wa bandia, hapana, wanakosea. Samaki akitoka humu, hata fundi wa moto atakula na atanyamaza.

Ila nyama ya moto wa nje ina kitu cha ziada. Mafuta yanadondoka juu ya kaa, yanaunguruma, yanarudi juu kama mvuke na kuipaka nyama. Ile harufu ya choma, ule ukoko wenye uchungu kidogo kwenye kona, humu hamna. Nyama inatoka laini, ina moshi, ina adabu. Mimi nyama yenye adabu sana sijui kama naipenda.

Na wale mtakaouliza kuhusu ile pete ya waridi inayoonekana chini ya ukoko nyama ikikatwa: moto wa kuni unatoa gesi ya nitriki oksaidi, inashikana na rangi nyekundu ya nyama, pete inatokea. Mashine za umeme huitoa kidogo sana au zisiitoe kabisa. Haina ladha yoyote. Ni ya kupigia picha.

Lakini hayo mafuta kutodondokea kwenye kaa yana upande wake mzuri pia. Mafuta yakiungua juu ya kaa yanatengeneza benzopireni, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 1, yaani inajulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kila kilo ya nyama iliyofukizwa. Humu mafuta yanaangukia kwenye trei, mbali na zile peleti, kwa hiyo njia hiyo moja imezibwa. Sijasema moshi wa mashine ni dawa. Moshi ni moshi, usiufanye chakula cha kila siku.

Namna ninavyofanya samaki: minofu naipaka chumvi, inakaa, naisuuza, naifuta, halafu naiweka kwenye friji wazi, bila kuifunika, mpaka juu pakauke na paanze kunata ukigusa kwa kidole. Hatua hiyo watu wanairuka, halafu wanasema mashine mbaya. Samaki aliyelowa anatoka na madoa na ladha kali. Huo utandu mkavu ndio unaoshika moshi vizuri.

Nyama ya bega, ile ngumu, nyuzi 110 hivi za Selsiasi, na usiku mzima uko mbele yako. Kipimajoto kiko ndani ya nyama, joto linapanda vizuri, halafu likifika nyuzi 65 au 70 linagoma. Saa nzima, saa mbili, haliendi. Mara ya kwanza mtu anadhani mashine imekufa. Haijafa. Nyama inatoa jasho, jasho linakauka, na kukauka kwake kunaipoza nyama kwa kasi ile ile ambayo mashine inaipasha. Usiongeze moto kwa hasira. Jasho likiisha joto litapanda lenyewe, na ukikaribia nyuzi 95 yale mishipa-mishipa yamegeuka jelatini, mfupa unauvuta kwa vidole. Kuku hahitaji hayo yote, hakikisha tu ndani amefika nyuzi 74, usihukumu kwa rangi, maana moshi unapaka rangi ya kuiva hata kilicho kibichi.

Tena kuna jambo nimeliona kwenye meseji zenu nyingi na limenitia wasiwasi. Watu wanasema, "Hiyo itanisaidia kuhifadhi, friji langu dogo." Hapana jamani. Chakula kinachotoka humu hakijahifadhiwa. Kinachomfanya samaki mkavu akae muda mrefu ni chumvi nyingi na kukaushwa mpaka maji yaishe. Moshi ni msaidizi tu. Humu samaki anatoka bado na maji yake mengi, mtamu, mlaini, na vijidudu vinampenda kama samaki mwingine yeyote aliyepikwa. Anakwenda kwenye friji, analiwa siku hizo hizo. Akikaa mezani siku mbili kwa sababu "ni wa moshi", hapo tunatafutana hospitali.

Njia nyingine zipo, tena za bei ya chini zaidi. Sufuria nene, foili chini, kijiko kimoja au viwili vya vumbi la mbao safi, trei, waya, samaki juu, kifuniko kinachobana, unaweka juu ya jiko. Vipande vyembamba vinaiva kwa nusu saa hivi au pungufu. Fungua dirisha. Mimi kwa samaki bado naitumia hiyo hiyo mara nyingi, kuosha sufuria ni rahisi kuliko kuosha hili lote. Kuna pia vile vibunduki vya moshi vya mkononi. Vile vinatoa moshi baridi, haviivishi chochote. Kwa jibini au siagi ni sawa, kwa nyama unapaka manukato tu. Na ile ladha ya moshi ya chupa, Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ulikataa kuongeza muda wa vibali vya aina nane za viungo hivyo kwa wasiwasi wa kudhuru vinasaba. Sina zaidi ya kusema hapo.

Ila msije mkaingiza ndani jiko la mkaa au mashine ya uani kwa sababu mmeona dada anafukiza jikoni. Mkaa unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mtu anasinzia tu asiamke. Hii ya kwangu ina kichocheo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Jiko la mkaa halina.

Sasa mjomba wangu mmoja, simtaji, keshanipangia hadi begi litakalobeba. Mjomba, kwanza uzito wake pekee unamaliza kilo zangu za ndege. Pili, tazama hiki kibandiko cha nyuma: volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wa huko nyumbani wa volti 230 inakufa dakika hiyo hiyo, labda na soketi yako. Utahitaji transfoma kubwa ya kubeba hita mbili, na hiyo nayo ina bei yake. Tatu, peleti. Lazima ziwe za chakula, sio zile za majiko ya kupashia nyumba, maana hizo zinaweza kuwa za misonobari au mabaki ya mbao zenye gundi. Zikiisha utazitoa wapi? Na kichujio kikichoka, nani atakuuzia kingine? Mjomba, wewe una uwanja unaotosha harusi. Washa moto.

Anayekaa ghorofani kama mimi, huko uliko au huku, na unafukiza nyama kubwa karibu kila mwisho wa wiki, nunua, hutajuta, ila pima meza yako kwanza pamoja na nafasi ya kupumua nyuma yake. Kama ni mara moja moja sikukuu ikifika, chukua sufuria. Na kama nyumba yako ni ya wageni wengi, humu haitoshi. Mnaona hizi rafu? Zikijaa kuku, ni familia ndogo, na mmoja atalalamika.

Jumamosi nitaweka bega zima humu, niwashe kamera tangu peleti ya kwanza, tusubiri pamoja joto likigoma. Anayetaka kuona droo ikimwagwa abaki mpaka mwisho. Wakubwa, marahaba zenu nimezipokea. Kwaherini.