Reduce: neno lililoanza kwa kurudisha

IDRISA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Idrisa, na niko na dada yangu Rehema, ambaye kabla ya kushika maikrofoni alishika chaki, akifundisha kemia sekondari. Leo tuna neno moja tu la Kiingereza mezani: reduce. Ukilikuta dukani unajua bei imeshuka. Ukilikuta kwenye kibao cha barabarani unajua punguza mwendo. Dada Rehema, mbona umetaka tulipe kipindi kizima?

REHEMA: Asante, kaka Idrisa. Ni kwa sababu ya kidato cha tatu. Mwalimu anaandika ubaoni: reduction is gain of electrons, yaani ni kupata elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi ndani ya atomu. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anajua reduce ni kupunguza, sasa anaambiwa kwamba kupunguzwa ni kupata. Anatazama ubao, anatazama daftari, mwisho anakariri tu ile OIL RIG: oxidation is loss, reduction is gain, oxidation ni kupoteza, reduction ni kupata. Mtihani anafaulu, fumbo linabaki palepale. Hilo linaniuma, maana jibu lipo, tena ni jibu zuri, na mimi sikuwahi kulikuta kwenye kitabu cha kiada nilichofundishia.

IDRISA: Basi tuanzie mwanzo. Neno limetoka wapi?

REHEMA: Kilatini. Re ni nyuma, au tena. Ducere ni kuongoza. Reducere ni kuongoza kurudi nyuma, yaani kurudisha. Hamna upungufu wowote humo ndani. Na ukoo wake ni mkubwa: produce, introduce, hata duke, yule mtawala, maana asili yake ni kiongozi. Na mmoja wa ukoo huo unampa nauli kila siku.

IDRISA: Nani huyo?

REHEMA: Kondakta. Ni ducere hiyohiyo, kwa maana ya kuongoza watu pamoja.

IDRISA: Leo nikipanda daladala nitamwangalia kwa jicho jingine. Lakini dada, Waingereza wenyewe waliwahi kweli kusema reduce wakimaanisha kurudisha? Au hayo ni ya Kilatini tu?

REHEMA: Walisema, na kwa muda mrefu. Mwishoni mwa karne ya 14 linaingia katika Kiingereza likiwa na maana hiyo, kurudisha kitu hata akilini, yaani kukumbusha. Ushahidi ninaoupenda uko kwa Shakespeare, mwishoni mwa tamthilia ya Richard III, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597. Vita vya Bosworth vya mwaka 1485 vimekwisha, mfalme Richard ameuawa, na aliyeshinda, ambaye anakuwa Henry wa Saba, anaomba dua. Anamwomba Mungu ayabutue makali ya wasaliti ambao wangetaka ku-reduce siku za damu. Sasa msome kwa Kiingereza cha leo.

IDRISA: Wasaliti wanataka kupunguza siku za damu? Hao si watu wema?

REHEMA: Umeona? Wanakuwa wapatanishi! Kumbe anachosema ni kwamba wanataka kuzirudisha siku za damu. Na katika dua hiyohiyo, lile neno la kubutua makali ni abate, ambalo nalo leo ni neno la kupungua. Kwa hiyo yapo maneno mawili karibu karibu, moja linapunguza na jingine linarudisha, na msomaji wa leo asiye mwangalifu anayachanganya.

IDRISA: Maana hiyo ya kurudisha ilikufa?

REHEMA: Haikufa, ilijificha hospitali. Mtu bega limeteguka, daktari analirudisha mahali pake: kwa Kiingereza ame-reduce lile bega. Mfupa umevunjika na vipande vimepishana, akivilinganisha vikakaa sawa, hiyo ni reduction. Ndiyo maana kwenye makaratasi ya wodi ya mifupa utaona herufi ORIF. Hiyo R ni reduction. Ndugu mmoja wa mama yangu alitoka hospitali na karatasi ya namna hiyo, na nyumba nzima ikaingiwa hofu kwamba wamempunguza mfupa, kwamba mguu mmoja utakuwa mfupi. Kijana mmoja aliyesoma Kiingereza vizuri ndiye aliyewatia hofu zaidi, kwa sababu ndiye aliyeitafsiri. Wakati kilichofanyika ni kwamba walifungua, wakaurudisha mfupa mahali pake, wakaufunga kwa vyuma.

IDRISA: Hata mashuleni, kwenye hesabu, tunaambiwa reduce sehemu. Sita ya nane iwe tatu ya nne.

REHEMA: Na thamani haijapungua hata chembe. Tena kwenye vitabu vya zamani vya hesabu vya Uingereza ilikuwa wazi zaidi. Mada yenyewe iliitwa Reduction, na kazi yake ni kubadili fedha au vipimo kutoka kipimo kimoja kwenda kingine. Pauni moja ilikuwa peni 240. Mwanafunzi anapewa pauni 5, anaambiwa azi-reduce ziwe peni, anapata 1,200. Namba imekua, na bado ni reduction. Kwa sababu ilichomaanisha ni kukipeleka kitu katika hali au mpangilio fulani.

IDRISA: Hapo nimekuelewa. Lakini mpaka hapa neno lina adabu. Linarudisha bega, linapanga hesabu. Lilianza lini kuwa na ubaya?

REHEMA: Lilipoanza kutumika kwa watu. Ukimrudisha mtu katika hali fulani, swali ni nani aliyesema hiyo ndiyo hali yake. Chukua Ireland. Waairishi walipoasi mwaka 1641, Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 1642, na jina la sheria hiyo linazungumzia ku-reduce waasi wa Ireland wawe tena na utiifu wao kwa mfalme na taji la Uingereza. Lisome kwa makini. Kwa waliolitunga, wanawarudisha watu mahali pao, kama vile utiifu ndiko walikozaliwa. Na fedha za kazi hiyo zilipatikanaje? Wawekezaji wa London na kwingineko waliahidiwa ekari 2,500,000 za ardhi ambayo ingenyang'anywa kwa Waairishi waliokuwa bado wanaishi juu yake. Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge hilo, akavuka bahari mwaka 1649 na jeshi lake. Kwa hiyo kurudisha kumekuwa kuteka, na kuteka kumekuwa kunyang'anya, neno ni lilelile.

IDRISA: Na askari wakawa wanasema wame-reduce ngome, yaani wameiteka.

REHEMA: Ndiyo, na askari aliyekosa akavuliwa cheo, naye amekuwa reduced. Lakini mfano unaonigusa zaidi uko Amerika ya Kusini. Kuanzia mwaka 1609 mapadri Wajesuiti, wa shirika moja la Kikatoliki, walianza kuwakusanya Waguarani, wenyeji wa huko, katika vijiji vikubwa, katika eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Paraguay, Argentina na Brazil. Kwa Kihispania vijiji hivyo viliitwa reducciones, na vitabu vya Kiingereza mpaka leo vinaviita reductions. Mwanafunzi wa historia anasoma the Jesuit reductions anajiuliza: walipunguza nini?

IDRISA: Mimi ningedhani walipunguza kodi.

REHEMA: Padri Antonio Ruiz de Montoya, mmoja wa Wajesuiti hao, mzaliwa wa Lima, Peru, alieleza mwenyewe katika kitabu alichochapisha Madrid mwaka 1639. Kwa maneno mepesi: watu hawa walikuwa wakiishi kwa desturi zao za kale, wametawanyika misituni na mabondeni, na mapadri wakawaleta katika miji mikubwa na maisha ya kiutu. Yaani kwake yeye, maisha ya kiutu ndipo mahali walipopaswa kuwa tangu awali, na amewarudisha hapo. Waguarani hawakuwahi kuondoka huko ili warudishwe.

IDRISA: Lakini nimesoma kwamba mapadri hao waliwakinga na wafanyabiashara wa watumwa.

REHEMA: Waliwakinga, na sitaki kumwonea Montoya. Mwaka 1631 wawindaji wa watumwa kutoka São Paulo walipokuwa wakivamia vijiji, aliongoza watu wapatao 12,000 kushuka mto Paraná kwa vyelezo 700 na mitumbwi, kwa hesabu yake mwenyewe. Wengi walikufa safarini. Na mtu huyohuyo ndiye aliyeandika kamusi kubwa ya Kiguarani, ikachapishwa mwaka uleule wa 1639. Leo Kiguarani ni lugha rasmi ya Paraguay pamoja na Kihispania, na hauwezi kuieleza historia ya lugha hiyo katika maandishi bila yeye. Kwa hiyo nampa haki yake. Ila sikiliza hesabu. Mwaka 1732 vijiji hivyo 30 vilikuwa na watu zaidi ya 140,000. Mwaka 1740 walikuwa wamebaki karibu 74,000. Ndui, surua, njaa, vita. Maradhi yanasafiri haraka watu wakijazwa mahali pamoja, na kuwajaza mahali pamoja ndiko kulikoitwa reduction.

IDRISA: Yaani walirudishwa, na kwa kurudishwa wakapungua.

REHEMA: Nusu yao karibu, ndani ya miaka minane.

IDRISA: Hii maana ya kupunguza tu, ya bei na mwendo, inaingia lini basi?

REHEMA: Imechelewa kuliko watu wanavyodhani. Wanaofuatilia asili ya maneno wanaitaja miaka ya 1780. Na njia yake inaonekana ukipanga maana hizi. Kwanza unarudishwa. Halafu unarudishwa kwenye hali ya chini, katika unyonge au umaskini, maana hiyo ipo tangu karne ya 16. Halafu ule urudisho unasahaulika, inabaki ile chini peke yake. Baada ya hapo kila kitu kinaweza kuwa reduced, bei, mshahara, uzito wa mwili. Hapo sina mengi ya kusema, ndiyo maana tunayoijua wote.

IDRISA: Sasa twende kidato cha tatu. Umetuahidi jibu.

REHEMA: Tuanzie tanuri. Maelfu ya miaka watu walijua kwamba chuma hutoka kwenye jiwe. Na wakemia wa Ulaya walijua kwamba metali ukiichoma hewani, nyingi zinageuka unga kama majivu, na unga huo ukiuchoma pamoja na mkaa, metali inarudi. Zebaki ndiyo ya kupendeza kuliko zote: unga wake mwekundu hauhitaji hata mkaa, ukiupasha moto mkali unaona matone yanayong'aa yanajikusanya tena. Wao wakasema metali imerudishwa, imekuwa reduced. Kurudishwa kwenye hali yake, kama bega.

IDRISA: Kwa hiyo mwanzo ni ileile ya Shakespeare!

REHEMA: Ileile. Baadaye Lavoisier, mkemia Mfaransa, katika miaka ya 1770 na 1780, akapima kwa mizani na kuonyesha kwamba ule unga ni metali iliyoshika oksijeni. Kurudisha metali ni kuiondoa oksijeni, na uzito unashuka. Kwa hiyo wakati uleule ambapo neno linaanza kuwa na maana ya kupunguza katika lugha ya kawaida, maabara nayo ikaonyesha kitu kinapungua kweli. Kisha elektroni ikagunduliwa mwaka 1897 na mwanafizikia Mwingereza J. J. Thomson, na katika karne ya 20 wakemia wakaeleza upya: oksijeni inapoondoka, chuma kinabaki na elektroni zilizokuwa zimevutwa. Jambo ni lilelile, ila sasa tunaliangalia kutoka upande wa elektroni, na huku upande huu chuma kinapata. Jina likabaki la zamani.

IDRISA: Na hawa wanafunzi wetu wanafundishwa kana kwamba hayo yote yalitokea Paris na London.

REHEMA: Wakati Katuruka, mahali pa kale pa kuyeyushia chuma, iko hapa kwetu Bukoba, mkoani Kagera. Wanaakiolojia wamechimba pale mabaki ya tanuri za chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanaikumbuka kazi walijenga tanuri upya mbele ya watafiti. Shimo wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa nusu. Kuta wakazijenga kwa udongo wa kichuguu na masalia ya chuma cha zamani. Mkaa, mawe yenye chuma, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipulizwa bila kukoma. Ndani humo mkaa ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, na hiyo ndiyo inayolinyang'anya lile jiwe oksijeni yake. Hiyo ndiyo reduction, yote, na mtoto wa Kagera angeweza kuanza somo hapo.

IDRISA: Ungekuwa darasani kesho, ungeandika nini ubaoni?

REHEMA: Ningechora tanuri kwanza. Mshale wa oksijeni inatoka. Chini yake ningeandika chuma chenye chaji ya tatu chanya, elektroni tatu hasi zinaingia, chaji inashuka hadi sifuri. Mtoto aone kwa macho yake: elektroni zimeongezeka, chaji imepungua, na chuma kimerudi kuwa chuma. Halafu OIL RIG waikariri wakitaka.

IDRISA: Walimu mnaotusikiliza, mkijaribu hiyo tuandikieni wanafunzi wamesemaje. Wiki ijayo tutalichukua lile jingine la kwenye dua ya Bosworth, abate, ambalo dada Rehema ananiambia limezaliwa chumba kimoja na machinjio.

REHEMA: Abattoir, ndiyo. Yote mawili yametoka kwenye kupiga mpaka kitu kianguke. Njoo umejiandaa.