Hela za Kule Nachenji Wapi? Leo Najibu, Msiniulize Tena

Mbukwenyi jamani. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu mambo. Msishangae kuona siko kwenye kile chumba changu cha Poland chenye hita. Nipo nyumbani Nkuhungu, uani kwa mama, chini ya mwarobaini, na huo mvumo mnaousikia ni upepo wa Dodoma, mnaujua. Nimekuja likizo wiki tatu.

Sasa kuna swali. Tangu nitoe ile video ya chuo na viza, kila nikifungua komenti nakuta lile lile: "Dada, nikifika Poland natumia hela gani na nachenji wapi?" Nilikuwa najibu mmoja mmoja mpaka vidole vikachoka. Na nilikuwa naogopa kutengeneza hii video, nawaambia ukweli, kwa sababu nikitaja hela tu nimekwisha. Nikisema nimetumia kiasi fulani, naringa. Nikisema nililia mbele ya ATM usiku, kuna mtu ataandika, "Kama kugumu si urudi ulime zabibu." Shamba la zabibu tunalo, liko Mpunguzi, na dawa na vibarua nalipia mimi. Hilo tuliache.

Cha kwanza kabisa: Poland iko Umoja wa Ulaya lakini haitumii yuro. Inatumia zloti. Kuna kaka mmoja alifika na yuro zake akaenda nazo dukani kununua mkate, muuzaji akamrudishia bila neno. Uwanja wa ndege reti zake mbaya, hilo mnalijua, sitapoteza bando lenu.

Na shilingi zetu ukishavuka mpaka wa nchi hii hazina mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu mimi nilibeba. 2019 nilipoondoka nilikuwa na laki tatu taslimu ndani ya soksi, noti za elfu kumi kumi, mama kaniambia zitanisaidia siku mbili tatu. Nikaenda kwenye kantor, ndivyo wanavyoyaita maduka ya kuchenji fedha kule, nikatoa noti moja. Yule dada akaishika kwa vidole viwili, akamwangalia tembo, akaigeuza, akarudi tena kwa tembo, halafu akaniangalia mimi. Akatikisa kichwa. Hakuwa na dharau hata, ni kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. Zile laki tatu zilikaa kwenye soksi mpaka niliporudi likizo ya kwanza.

Kwa hiyo unatakiwa uondoke na fedha ya kigeni, na hapo ndipo stori ya Dodoma inapoanza. Wengine mlikuwa wadogo, lakini mwaka ule ule maduka mengi ya kubadilisha fedha nchini yalikuwa yamefungwa, ukitaka dola ni benki. Nikaenda benki moja hapa mjini, siitaji jina. Wakataka pasipoti, viza na tiketi. Viza nilikuwa nayo, tiketi bado, nasubiri hela ya shangazi. Nimerudi na tiketi, naambiwa dola leo hakuna, njoo Alhamisi. Alhamisi yule aliyeniambia njoo Alhamisi hayupo. Nimepata dola mia nne siku mbili kabla ya safari, na hapo nilikuwa nimeshaanza kumsikiliza jamaa mmoja wa mtaani aliyesema anazo. Msimsikilize jamaa wa mtaani. Kwanza ni kosa kisheria, pili noti bandia utaigundulia mbele ya dirisha la watu huko ugenini, ueleze kwa Kipolandi gani?

Na mkipewa dola, hesabuni hapo hapo na muangalie moja moja. Iliyoandikwa kwa kalamu, iliyogongwa mhuri, iliyochanika pembeni, rudisha. Hata hapa kwetu mnajua, noti ya mia na ya hamsini ina reti yake na vinoti vidogo vina reti ya chini. Juzi nimekuja na noti moja ya dola mia, nzima, ina kimhuri kidogo cha zambarau sijui nani alikigonga. Dada wa dirishani akaisogeza kwangu kwa kucha. Hakutaka hata kuigusa vizuri.

Haya, umefika. Kantor. Kwenye kibao utaona safu mbili, *kupno* na *sprzedaż*. Kupno ni bei wanayonunua wao, na wewe mwenye dola ndiyo inayokuhusu. Usikae unaifurahia ile nyingine kwa sababu ni kubwa, hiyo ni ya anayetaka kununua dola. Mzuri utamjua kwa pengo kati ya hizo safu mbili. Tuseme kupno ni 3.60 na sprzedaż 3.70, huyo mtu wa kawaida. Ukikuta 3.10 na 4.20, geuka uondoke hata kama mlangoni kumeandikwa hawatozi kamisheni. Kamisheni ya nini wakati ameshaichukua kwenye reti? Dola 400 kwa 3.60 ni zloti 1,440. Kwa 3.10 ni 1,240. Hizo mia mbili kwa mwanafunzi anayejipikia ni chakula cha siku kadhaa, na kantor hizo mbili unaweza kuzikuta mtaa mmoja. Mimi nilikuwa nachenji dola hamsini tu kwanza, ya basi na chakula, halafu kesho yake nazunguka na akili imetulia. Lakini hiyo ni mimi. Kuna mtu ana mwenyeji wa kumpokea na gari, hana haja ya kuzunguka.

Sasa hii ya ATM ndiyo inayoniuma.

Nilifika stesheni Warsaw karibu saa tano usiku, Oktoba, baridi ambayo nilikuwa sijawahi kuiona, kantor zote nilizoziona zimefungwa. Kuna ATM ina mwanga mkali. Nina kadi ya akaunti yangu ya dola, nikaiingiza, nikaomba zloti 600. Mashine ikaleta ukurasa. Imeandika kiasi kwa dola kabisa, imeniwekea "kiwango cha uhakika", na chini kuna vitufe viwili. Kimoja kikubwa cha kijani: kubali. Kingine cha kijivu, maandishi madogo: endelea bila kubadilisha. Jamani, mtu umechoka, umetoka Dodoma na basi mpaka Dar, umekaa uwanja wa ndege nusu siku, unaonyeshwa dola, fedha unayoijua, na kitufe cha kijani. Nani angebonyeza cha kijivu? Nilidhani nikibonyeza cha kijivu hela haitoki.

Zloti 600 siku ile zilikuwa kama dola 155. Nilikatwa 176. Yaani mwenye ile mashine ndiye aliyenibadilishia, kwa reti aliyojipangia mwenyewe. Ningebonyeza kile cha kijivu, kadi ingekatwa kwa zloti na hesabu ingefanywa na mtandao wa kadi yangu, Visa au Mastercard, ambao reti zao huwa karibu na za soko. Benki yako itaweka makato yake juu, sawa, lakini si ishirini. Na dukani hivyo hivyo. Muuzaji akikugeuzia kamashine kakuuliza zloti au dola, chagua hela ya nchi uliyopo. Hata ukiwa wapi.

Ngoja, kuna jambo la kadi msilisahau. Kabla ya kuondoka nenda benki uulize kama kadi yako imefunguliwa kutumika nje. Na ulizia ile meseji ya namba ya siri wanayotuma ukilipia mtandaoni. Mimi laini yangu ya Tanzania nilimwachia mama. Nikawa nataka kulipia bweni, namba inakuja Nkuhungu. Nampigia, mama namba imeingia? Anatafuta miwani. Anasoma, "Saba, nne... hii ni tisa au sita?" Ikiisha dakika, imeisha. Tulirudia mara nne. Mara ya tano kadi ikafungwa, na kuifungua eti nifike tawini. Tawi liko Dodoma, mimi niko kwenye barafu. Mama mpaka leo anajua ni kosa lake, na mimi namwambia si lako, ni la hao waliosema nifike tawini.

Mtauliza si ungefungua akaunti kule. Benki ya kule ikanitaka kadi ya ukaazi. Nimeenda kuomba kadi ya ukaazi, wakataka nionyeshe salio la benki. Wakapokea statimenti ya Tanzania baada ya kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, kwa hela yangu, kila ukurasa unalipiwa. Na zile kurasa nyingi ni mistari ya mimi kumtumia mtu elfu kumi, elfu tano. Nimelipia kutafsiriwa elfu tano ya baba mdogo! Simlaumu baba mdogo.

Ila hapo hapo niseme. Ndugu zangu mna tabia ya kuzidisha. Umesikia zloti moja ni shilingi mia sita na kitu, unachukua mshahara wangu unazidisha, unapata mamilioni, unaanza kunitumia picha za bodaboda. Zidisha na kodi ya nyumba basi. Zidisha na koti.

Kwa wanaokwenda kwingine, kwa haraka. Dubai dirhamu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725, haipandi haishuki, kwa hiyo mtu akikupa 3.40 usibishane, toka. Mnaopeleka wagonjwa India, msihangaike kutafuta rupia hapa, bebeni dola safi mkachenji kule kwa risiti. Na ukibeba yuro 10,000 au zaidi kuingia Ulaya unatoa taarifa forodhani, ila wewe na mimi tunaohesabu mia nne halituhusu.

Na noti za kale. Baba mdogo yule yule wa Kongwa kanitolea pauni ishirini za karatasi alizopewa na mgeni miaka hiyo, nimsaidie. Za karatasi za ishirini na hamsini Uingereza waliacha kuzipokea madukani baada ya 30 Septemba 2022, zinabadilishwa na Benki Kuu yao. Alinuna. Nikamwambia mbona hata sisi, zile noti za 1985 hadi 2003 Benki Kuu ilitoa muda wa kuzibadilisha, 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na bibi alizitoa zake chini ya godoro mwezi Mei.

Mimi mwenyewe nimerudi na sarafu za zloti mfuko mzima. Sarafu hapa hakuna anayezichukua, nilisahau kuzimaliza. Sasa huyu mpwa wangu, njoo uwasalimie, ana aibu, huyu amefungua duka lake la udongo hapo nyuma ya tangi. Nampa zloti tano, ya rangi mbili, inang'aa. Ananirudishia mia mbili ya Tanzania na kipande cha tofali. Nimemwambia reti yako mbaya. Anasema dada, leo ndiyo hiyo, kesho itashuka.