Ekzosi ya kiwandani au bomba nene? Tuangalie kwenye Land Cruiser mkonga

Karibuni. Leo tuko chini ya gari. Hili ni Land Cruiser mkonga, injini yake 1HZ, dizeli isiyo na turbo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), linabeba wageni mbugani. Mwenye gari anataka tung'oe ekzosi iliyokuja nalo tumwekee bomba nene, gari lipate kupumua. Kabla hujatoa hela yako kwa jambo kama hili, fuatana nami. Utahitaji tochi, kitambaa kizito, glavu na bisibisi ndefu.

Kwanza ijue injini yako. 1HZ ina silinda sita, lita 4.2, nguvu za farasi kama 130. Hewa inavutwa na pistoni tu, hakuna kinachoisukuma iingie, kwa hiyo moshi unaotoka si mwingi kiasi cha kuishinda ekzosi ya kiwandani ikiwa nzima. Ukifunga bomba la inchi 3, mngurumo utakuwa mkubwa na sikio litakwambia gari limeongezeka nguvu. Usiliamini sikio. Panda mlima mmoja kabla na baada ya kubadilisha, mzigo uleule, gia ileile, uangalie mshale wa spidi. Mimi hupima kwenye ule mpando wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Kwenye 1HZ isiyo na turbo, tofauti niliyoiona ni ndogo mno kulinganisha na gharama yake.

Kama gari lako lina turbo, hadithi ni nyingine kabisa. Turbo inazungushwa na moshi wenyewe, na moshi ukibanwa baada ya kutoka kwenye turbo, turbo inachelewa kuamka na joto linapanda. Aliyefunga turbo kwenye 1HZ asiache bomba la zamani. Injini hii haikuundwa kwa turbo, na joto la moshi likizidi, pistoni zinayeyuka. Hapo bomba la inchi 2.5 au 3 kuanzia kwenye turbo hadi nyuma ni lazima, pamoja na geji ya joto la moshi pale kwenye dashibodi. Nawaomba sana msiiruke hiyo geji.

Sasa tuje kwenye malalamiko. "Gari zito, linatoa moshi mweusi." Moshi mweusi ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha kuungua. Fungua kwanza boksi la filta ya hewa. Hii hapa, ona, nimeigonga kwenye tairi na vumbi limetoka kama unga. Kama filta ni safi, kapime nozeli, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, na pampu. Ekzosi mpya haitatibu nozeli inayovuja.

Filta iko sawa? Basi rudi chini. Injini iwe imepoa, gari liko mahali tambarare, tairi zimewekewa kabari. Gonga bomba kwa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya kufa, na pengine bisibisi inazama kabisa. Magari ya Tanga, Dar na Mombasa huanza kuoza kwenye sailensa, kwa sababu ya chumvi ya hewani na maji yanayobaki ndani baada ya safari fupi fupi. Angalia pia kama kuna sehemu imebonyea kwa jiwe. Bomba lililobonyea nusu linabana moshi kuliko kitu chochote kilichotoka kiwandani, na ukibadilisha kipande hicho tu huenda kazi imekwisha.

Sasa washa injini, ukiwa nje penye hewa, usiwe gereji iliyofungwa. Vaa glavu, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kwa sekunde chache. Sikiliza. Tss, tss, tss, hiyo inatoka pale manifodi, yaani mkusanyiko wa mabomba unaopokea moshi kutoka kwenye silinda, inapokutana na bomba la kwanza. Zima, mulika tochi: masizi meusi yamechora mstari pembeni ya gasketi. Kwa hili gari, ugonjwa ndio huo, gasketi moja.

Ukiamua kubadilisha hata hivyo, shughulika na njia ya bomba kuliko unene wake. Hili nimejifunza kwa uchungu. Fundi mmoja alinifungia bomba zuri, la kung'aa, ila alilipitisha chini ya chasisi kwa sababu kona za juu zilimsumbua. Njiani kwenda Ziwa Natron, baada ya Engaruka, jiwe moja la korongoni lililisukuma nyuma likakatika kwenye flanji, pale vipande viwili vinapounganishwa kwa nati. Tulimaliza safari madirisha wazi, moshi ukiingia, na nyuma nilikuwa na mtoto anayekohoa. Kwa hiyo nakuomba, chutama pembeni ya gari kama mimi hapa. Ukiona bomba linaning'inia chini kuliko chasisi au giaboksi, mwambie fundi alirudie. Mdomo wa nyuma utoke baada ya dirisha la mwisho, la sivyo vumbi na moshi vitavutwa ndani kila mkifungua paa.

Kona nazo zitazame. Kona iliyokunjwa vizuri ina upana uleule mwanzo hadi mwisho. Iliyobonyea tumboni inakurudisha kwenye bomba jembamba hata kama umelipia nene. Na usikubali kuondolewa sailensa. Dereva wa safari anakaa na mlio huo siku nzima, na wanyama wanaukimbia.

Jambo jingine ni nyasi. Kiangazi, ukikata kwenye majani marefu, yanajikusanya juu ya sailensa na kukauka pale pale kwenye joto. Kila unaposimama muda mrefu, yatoe kwa kijiti. Bomba jipya liachiwe nafasi ya kuingiza mkono kati yake na bodi, na vile vibati vya kukinga joto virudishwe vyote.

Tufunge sasa. Nati za zamani zipulizie dawa ya kulegeza kutu tangu jana yake. Gasketi iwe mpya, usirudishe iliyokwisha kubanwa. Kama kuna kuchomelea, chomoa terminali ya betri kwanza. Shikiza vipande vyote vikiwa vimelegea, raba za kuning'inizia zikiwa mahali pake, halafu kaza kuanzia manifodi kwenda nyuma. Ukianza nyuma, bomba linajivuta na gasketi ya mbele itavuja wiki ijayo. Tingisha bomba kwa mkono: lichezecheze kwenye raba, lisiguse chuma popote.

Haya, washa. Kitambaa tena kwenye mdomo. Kimya. Mwenye gari amelipia gasketi na nati tatu, bomba lake la kiwandani linarudi barabarani. Kesho akifika Karatu, injini ikipoa, akaze nati hizi tatu mara moja zaidi.